Shahada ya Mfereji

Ofisi niliyokuwa nikiiandikia hesabu, ambayo jina lake nalisitiri kwa kuwa chumvi yao nimeila, imo katika jumba kongwe la mawe ya matumbawe pale Mji wa Kale, Mombasa, jumba ambalo mabomba yake yalitandazwa zamani, yakazibwa, kisha yakatandazwa mengine kando ya yale ya awali, hata ikawa hapana ramani yoyote ielezayo maji yapita wapi, illa ile iliyokuwamo kichwani mwa mzee mmoja tuliyemwita Fundi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija kila aitwapo, akalipwa ujira wake wa kutwa, akanywa kahawa yake tungu, akaenda zake.

Wakubwa wakaona kwamba haipendezi ofisi yenye hadhi kutunzwa na kibarua, wakaazimu kuajiri fundi wa mifereji wa kudumu, na tangazo likabandikwa ukutani. Lilimtaka mtu mwenye shahada ya uhandisi kutoka chuo kikuu kinachotambulika, uzoefu usiopungua miaka 5, umri usiozidi miaka 30, weledi wa kompyuta na ufasaha wa kunena mbele ya hadhara. Fauka ya hayo, alete hati za ithibati kutoka kwa polisi, kwa watoza kodi, kwa tume ya maadili na kupambana na ufisadi, kwa shirika la kuweka taarifa za wadeni, na kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kazi yenyewe ilitajwa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kana kwamba inaonewa haya: kutengeneza mifereji, kuzibua vyoo na kusafisha tangi.

Mimi ni mtu wa hesabu, basi nikaketi nikahesabu. Kijana wetu aghalabu humaliza shule ya sekondari akiwa na miaka 18 au 19, na uhandisi husomwa kwa miaka 5. Ukiongeza miaka 5 ya uzoefu, na ukidhani kwamba hakuugua, hakukosa karo, wala chuo hakikufungwa kwa mgomo, utaona kwamba mwombaji huyo ana mwaka mmoja tu, pengine miwili, katika aushi yake yote, ambapo anaruhusiwa kuzibua choo chetu.

Ama zile hati, asili yake ni njema. Sura ya 6 ya Katiba ya mwaka 2010 yahusu uongozi na uadilifu, na walioitunga walikuwa wakiwafikiria wale wanaokabidhiwa mfuko wa umma. Walakini sharti hilo limeteremka ngazi baada ya ngazi, likapita kwa makarani na madereva, hata likamfikia mwenye kulala chali chini ya sinki, mahali ambapo, kwa kadiri nilivyopata kuchungulia, fursa za ufisadi ni haba mno.

Fundi alilisoma tangazo hilo kwa utuvu, miwani yake ikiwa imefungwa uzi upande mmoja, kisha akanijia mezani.

"Mwanangu, hii barua ya mkopo maana yake ni nini?"

"Ni ya kuthibitisha, mzee wangu, kwamba serikali haikudai fedha ulizokopa kwa masomo ya chuo kikuu."

"Na mimi ambaye sikusoma huko?"

"Utapewa vilevile, ila utalipia ada."

Akawaza kidogo. "Basi nalipa, niandikiwe kwamba sikukopa fedha za kusomea mahali nisipopata kwenda."

Sikuwa na la kuongeza. Akatoa mfukoni cheti chake cha gredi ya kwanza, kilichokunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imefanya matundu, akanieleza jinsi kilivyopatikana: mtahiniwa hupewa mabomba, akayakata, akayatia nyuzi, akayaunga, kisha maji yakafunguliwa mbele ya watahini. Yakivuja, hapana ufasaha utakaomwokoa.

Nikamwendea bwana aliyekuwa akishughulikia ajira, nikamwuliza masharti yale yalitoka wapi. Hakunificha: yalitoka katika tangazo la mwaka uliopita, la kumtafuta meneja, akafuta neno meneja akaandika fundi. Tena, asema, lau asingeitaja shahada yangemjia maombi kwa magunia, naye angelazimika kuyapima moja moja. "Mimi bomba silijui, bwana, lakini shahada naijua." Wengine wangemcheka; mimi nilimwona mkweli kuliko wengi waliosoma naye, maana mtu asiyeweza kutofautisha kiungo kizuri na kibovu hana budi kutegemea muhuri wa mtu mwingine.

Wala Mombasa si mji uliozoea kuidharau mikono. Kile chuo ambacho wazee hata leo hukiita MIOME kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951, kwa fedha walizochanga Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na wengineo, kikawafundisha vijana ubaharia, umeme, mitambo na useremala. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, mwaka 1972 kikawa politekniki, na mwaka 2013 kikatawazwa kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, nasi tukashangilia kama watu waliomwoza binti yao kwa tajiri. Kisha mwaka huohuo ikatoka sheria ya kuinua upya mafunzo ya ufundi, kwa kuwa ilikwisha kuonekana dhahiri kwamba wenye kushika spana wanaadimika.

Aliyepata kazi alikuwa kijana mpole, mhandisi wa haki, na simlaumu hata chembe, maana kila alipoomba kazi ya uhandisi alidaiwa uzoefu wa miaka 10. Katika juma lake la kwanza ukuta wa ghala ulianza kutoka jasho, na majalada yakalowa. Alipiga hesabu kwamba tangi lililo juu kwa mita 10 hutoa shinikizo la takriban angahewa moja, na hesabu ilikuwa sawa kabisa. Haikusema tu bomba limepita nyuma ya jiwe lipi. Kabla ya adhuhuri alinijia, akaninong'oneza kama aombaye dawa ya aibu, kama ninayo nambari ya simu ya yule mzee.

Fundi akaja. Akatuamuru sote tunyamaze na feni izimwe, akaweka ncha ya bisibisi juu ya bomba lililojitokeza, na mpini wake akauegemeza nyuma ya sikio, akafumba macho. Akasogea hatua, akasikiliza, akasogea tena, kisha akatia alama ya chaki mahali ambapo ukuta ulikuwa mkavu kuliko kwingine kote. Plasta ilipobanduliwa, tukaona tundu dogo mno, kazi ya maji ya kisima yenye chumvi, likirusha uzi wa maji usiozidi unene wa sindano. Akakata kipande, akatia nyuzi, akazizungushia katani iliyopakwa rangi, akakaza. Muda wote huo mhandisi alikuwa amemshikia tochi.

Tangu siku hiyo wakafanya shirika lao. Mwisho wa mwezi mhandisi humkatia Fundi sehemu ya mshahara, nayo si ndogo, kwa kuwa aona haya. Na kila ukuta ufunguliwapo yeye huchora, Fundi akimwambia, hata sasa jumba lina ramani nzuri ya rangi tatu, na wakubwa wanaisifu shahada.

Juzi Fundi alinijia tena, akitaka nimwandikie tangazo: atafuta mwanafunzi wa kumfunza kazi.

"Andika awe na shahada."

Nilidhani anatania.

"Sitanii. Mjukuu wa dada yangu nikimpa tochi humulika dari, na kila saa auliza tutakwenda kula lini. Huyu mwenye shahada mkono hautetemeki, tena akimaliza huandika. Wa darasa la nane simtaki tena."

Nikaandika, kisha nikamwuliza mshahara nitaje kiasi gani.

"Mshahara?" akasema Fundi. "Si anajifunza?"