Jinsi ya Kupendeza Kama Mgonjwa wa Kifua Kikuu

Anza kwa kukonda. Kwa wenye nafasi zao katika Paris na London ya miaka ya 1840, uzuri ni ngozi iliyopauka, macho yanayong'aa na wekundu kidogo mashavuni. Wekundu huo ni homa ya kifua kikuu. Aliyekwisha kuugua hahitaji hatua zinazofuata.

Wewe uliye mzima, jikinge na jua na ujipake poda nyeupe. Tia machoni matone ya beladona, mmea wenye sumu: mboni zitapanuka, nawe utashindwa kusoma hata barua ya mchumba. Kisha vaa kibana kiuno chenye vijiti vigumu vitokavyo kinywani mwa nyangumi, kamba zikazwe mpaka upumue juu juu.

Kielelezo chako ni Marie Duplessis wa Paris, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1847 akiwa na miaka 23. Mwaka uliofuata Alexandre Dumas mdogo, aliyewahi kuwa mpenzi wake, alichapisha riwaya iliyotokana na maisha yake. Mwaka 1853 Verdi akaitungia opera, La Traviata. Watu walinunua tiketi wakamlilie mrembo anayekufa kwa kifua. Washonaji na vibarua wa viwandani walikufa kwa ugonjwa uleule, wamesongamana katika vyumba visivyopitisha hewa, wala hakuna aliyewaona wamependeza. Hilo linaniuma kuliko beladona na kamba zote.

Sketi iburuze chini. Lakini angalia tarehe: Machi 24, 1882, jijini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba ugonjwa huu huletwa na bakteria. Kumbe makohozi ya barabarani yana hatari, na pindo lako huyafagia hadi sebuleni, watoto wanakotambaa! Madaktari wakapiga kelele, na mwanzoni mwa karne ya 20 mapindo yakaanza kupanda. Wanaume nao waliambiwa ndevu zinaficha vijidudu, wengi wakanyoa.

Ukiwa umefika miaka ya 1920, tupa poda. Niels Finsen alishapata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na wagonjwa wa kifua kikuu wanalazwa kwenye baraza za hospitali za milimani waote jua. Wazungu wenye pesa wanawaiga tena: nenda ufukweni, lala kifudifudi, ubabuke.