Sifa za Ukuta wa Matumbawe

Katika nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, hakuna mlinzi wa Wi-Fi anayeushinda ukuta. Nywila huvuja kwa watoto, watoto wakampa jirani, ukuta hauhongeki. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake hufika nusu mita, na ukishanyonya unyevu wa masika huyameza mawimbi kwa hamu zaidi.

Mshirika wake ni boriti. Urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, takriban mita tatu, hivyo nyumba ikawa safu ya vyumba vyembamba vyenye kuta nene katikati. Mawimbi ya gigahezi 5, yenye kasi na mbwembwe, mara nyingi hukomea ukuta wa kwanza au wa pili. Yale ya gigahezi 2.4, ya polepole, hupenya zaidi kidogo, yakafika chumba cha ndani yakiwa hoi. Mwenye nyumba anayetaka kumkabidhi mlinzi madaraka yote huiweka ruta ndani ya kidaka, mahali pa sahani za kaure. Hapo hupendeza sana, nao ukuta huizingira pande zote isipokuwa moja.

Wapinzani hawakosi. Ripita ya kuchomeka kwenye soketi huwekwa na wengi katika chumba kile kile kisichoshika mtandao, ikarudia kwa utiifu kile isichokisikia. Mahali pake ni njiani, karibu na mlango, pale mtandao ungali na nguvu. Hata hapo, ripita rahisi hupokea na kutuma kwa redio moja, na kasi hushuka hadi karibu nusu. Huo ni ushuru wa ukuta, tena wa haki. Mfumo wa meshi wenye redio ya pekee ya kuunganishia vifaa vyake hulipa ushuru mdogo zaidi, ila dukani hulipiwa zaidi.

Anayeushinda ukuta ni kebo peke yake. Kebo ya shaba hufika mita 100, ikalisha kifaa cha pili cha kurushia Wi-Fi ghorofani. Kutoboa ni shida: matumbawe hubomoka zaidi ya tundu lililokusudiwa, na miji hiyo ni urithi wa dunia, Mji Mkongwe tangu 2000, Lamu tangu 2001. Basi kebo huzungushwa kupitia uani na ngazini, na ukuta haupati hata mkwaruzo.