Bonyeza Hapa Kuendelea

*Sebuleni kwa Bibi Shamba wa kata moja ya Kilosa, saa nne usiku, umeme umekatika. Pikipiki ameegeshwa kando ya kochi (msomaji anayeshangaa pikipiki kulala sebuleni hajawahi kuibiwa). Juu ya kabati yupo Redio, mzee wa mbao, kafunikwa kitambaa cha kufuma. Mezani yupo Kishikwambi, na ubavuni pake chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa. Ndani mna jani la mhindi na Kiwavi mmoja mnene. Mwenye nyumba amelala.*

KISHIKWAMBI: Hongera! Umekamilisha asilimia 87 ya Moduli ya Nne. Bonyeza hapa kuendelea.

PIKIPIKI: Dogo, abonyeze nani? Mwenyewe anakoroma.

KISHIKWAMBI: Nisamehe kaka, nimezoea.

REDIO: Hiyo moduli inafundisha nini, mjukuu wangu?

KISHIKWAMBI: Shikamoo babu. Sikujua kama u macho.

REDIO: Marahaba. Mimi silali, nimezimwa tu.

KISHIKWAMBI: Inaitwa "Mawasiliano Shirikishi na Mkulima". Imo kwenye kozi ya mtandaoni ya kuwaendeleza maafisa ugani kitaaluma. Moduli nane, wiki sita, na mwisho cheti chenye nembo tatu na sahihi ya mtu ambaye hatutamwona.

REDIO: Shirikishi. Mkulima anashiriki vipi humo?

KISHIKWAMBI: Yupo kwenye video, dakika ya tatu. Anatabasamu.

PIKIPIKI: Nilimwona! Nyuma yake kuna trekta kubwa kuliko ofisi yetu ya kata. Shamba lenyewe halina mwisho wala kichuguu wala mbuzi wa jirani. Bibi Shamba akauliza, "Huyu naye anahitaji ushauri wangu?"

KISHIKWAMBI: Kozi imetengenezwa na wataalamu wa Marekani, kaka. Wenzetu wana sheria ya ugani tangu 1914. Vyuo vikuu vyao vinapeleka maafisa mpaka kwa mkulima, kila jimbo. Uzoefu wa zaidi ya miaka mia!

REDIO: Hapo siwabezi hata kidogo. Ila umesema wao walipeleka watu. Sisi tumeletewa nini?

KISHIKWAMBI: Kiungo.

PIKIPIKI: Ngoja niseme, maana mimi ndiye ninayejua njia. Mwaka 2022, Dodoma, tulipangwa mistari mpaka macho yanachoka, maelfu ya pikipiki, hotuba, picha, tukagawiwa kwa maafisa ugani wa nchi nzima. Nikajiambia sasa mkulima atafikiwa. Nikafika hapa. Vijiji vinatapakaa, mabonde, na masika ikianza ni tope mpaka kwenye mnyororo. Mafuta? Robo ya kwanza yalikuja. Ya pili tukaambiwa tuvumilie. Siku hizi safari zangu nyingi ni mpaka kwenye ule mwembe wa mlimani.

REDIO: Kuna mkulima pale?

PIKIPIKI: Kuna mtandao pale.

KISHIKWAMBI: Lakini lazima mkubali kwamba kozi za mtandaoni zimeokoa fedha za umma. Hakuna nauli, hakuna ukumbi, hakuna posho ya kujikimu.

REDIO: Bando ananunua nani?

KISHIKWAMBI: Yeye.

REDIO: Basi fedha hazijaokolewa, gharama imehamishiwa kwenye mkoba wake.

PIKIPIKI: Na hapo kwenye posho usipite haraka, dogo. Semina ya siku tatu Morogoro mjini ilikuwa na adabu zake. Chai ya saa nne na sambusa, kalamu, daftari lenye nembo, bahasha ya Ijumaa. Watu walirudi na bati mbili za paa.

KISHIKWAMBI: Na elimu?

PIKIPIKI: Elimu ilikuwa kwenye daftari. Daftari lilibaki hotelini.

*(Redio anacheka mpaka kitambaa kinateleza.)*

REDIO: Mimi nisijifanye malaika. Nilikuwepo mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Majuma kumi na mawili, na watu kama milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza nchi nzima. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya masafa, mjukuu wangu, ila haikuitwa moduli. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu chake. Mimi nilisema maneno yangu, kisha nikanyamaza.

KISHIKWAMBI: Ukanyamaza? Ukikaa kimya mshiriki anaondoka!

REDIO: Waliobaki ndio walioanza kazi. Walibishana. Huyu anasema malaria inatoka kwenye mahindi mabichi, yule anasema ni dimbwi la nyuma ya nyumba yako, wewe mwenyewe. Kisha wanaamua: kesho tunafukia madimbwi, keshokutwa tunachimba vyoo. Na vyoo vikachimbwa. Sikuchimba mimi. Sina hata mkono.

KISHIKWAMBI: Walikuwa wanakuja kwa hiari?

REDIO: *(anakohoa)* Wengine kwa hiari. Wengine kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa na orodha.

PIKIPIKI: Kumbe na nyie mlikuwa na dashibodi!

REDIO: Tulikuwa nayo. Lakini balozi akitaka kuona kama umeelewa, hakukuuliza swali lenye A, B, C na D. Alizunguka nyuma ya nyumba akatazama kama shimo lipo.

KISHIKWAMBI: Maswali yangu ni ya kitaalamu, babu. Sikiliza: "Mkulima amekujia na tatizo shambani. Utafanya nini? A: Utamsikiliza. B: Utamheshimu. C: Utatembelea shamba lake. D: Yote hapo juu."

PIKIPIKI: D.

KISHIKWAMBI: Umejuaje?

PIKIPIKI: D ni ya kila siku. Jaribio la Moduli ya Tatu alilifanya mpwa wake wa kidato cha tatu huku anakula ugali. Asilimia mia.

REDIO: Kijana anajua kilimo?

PIKIPIKI: Anajua D.

KISHIKWAMBI: Mfumo ulimpongeza Bibi Shamba kwa beji ya dhahabu. Huko makao makuu, mstari wa kata yetu umegeuka kijani. Mkurugenzi akifungua dashibodi anaona kata nzima inameremeta.

*(Sauti nyembamba inatoka kwenye chupa.)*

KIWAVI: Mnisamehe kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Kata nzima inameremeta kwa sababu mimi na ndugu zangu bado hatujafika bonde la chini. Tunafika Jumamosi.

KISHIKWAMBI: Huyu nani?

PIKIPIKI: Mgonjwa wa leo. Mama mmoja aliegemea mpini wa jembe akasubiri chini ya mwembe mpaka Bibi Shamba akamaliza "kupakia". Akamkabidhi hiyo chupa. Akasema, "Wamekula robo eka, mwanangu, nimewamwagia majivu, nifanye nini tena?"

KISHIKWAMBI: Subiri nikutambue. Kichwani una alama ya Y iliyogeuzwa chini juu. Karibu na mkia una madoa manne yaliyokaa mraba. Wewe ni kiwavijeshi vamizi!

KIWAVI: Asante. Na wewe umetoka wapi, msomi?

KISHIKWAMBI: Mwili wangu unatoka Asia, lakini kozi inatoka Marekani.

KIWAVI: Mimi na kozi yako basi ni watu wa bara moja. Ukoo wetu ni wa Amerika. Tulionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, mwaka uliofuata tukawa Tanzania. Hatukuwa na bando wala vibali wala posho. Tofauti yetu ni moja tu: mimi nilifika shambani.

PIKIPIKI: Weeee!

KIWAVI: Msinishangilie, mimi ni mharibifu. Nasema tu tulivyojipanga. Mama yangu aliweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja. Siku tatu hivi yanaanguliwa. Tukiwa wadogo tunapeperuka na uzi wetu kwa upepo, kila mmoja anatafuta mhindi wake, maana tukikaa wawili katikati ya majani machanga mmoja atamla mwenzake.

KISHIKWAMBI: Sisi tunaita "majadiliano ya vikundi vidogo".

KIWAVI: Tukikua tunaziba mlango kwa kinyesi chetu, na hapo dawa yenu haitufikii. Dawa inatuua tungali wadogo, na ipulizwe asubuhi na mapema au jioni, si saa saba mchana jua likiwa utosini kama wafanyavyo bonde la chini.

KISHIKWAMBI: Hayo yote nayajua! Yako ndani yangu, na picha za rangi!

REDIO: Basi mbona hukumwambia Bibi Shamba leo, yule mama alipouliza?

KISHIKWAMBI: Yako Moduli ya Sita.

REDIO: Na?

KISHIKWAMBI: Yeye yuko ya Nne. Ya Sita haifunguki mpaka ya Nne na ya Tano zikamilike. Ya Tano ni "Kujitambua kama Kiongozi".

*(Kimya. Nje mbwa anabweka mara moja, anaona haya, anaacha.)*

PIKIPIKI: Dogo, mimi nina breki mbili lakini sijawahi kusimama hivyo.

KISHIKWAMBI: Sio mimi niliyepanga! Niko upande wenu. Bibi Shamba alijaribu. Aliingia sehemu ya msaada, akaandika swali la yule mama neno kwa neno. Nikamtafutia jibu mimi mwenyewe, kwa betri ya asilimia tisa.

REDIO: Likasemaje?

KISHIKWAMBI: Likasema: "Kwa ushauri unaolingana na mazingira yako, tafadhali wasiliana na afisa ugani wa eneo lako."

*(Pikipiki anacheka mpaka anamwaga oili kwenye mkeka. Asubuhi atalaumiwa fundi.)*

REDIO: Na akafanyaje?

PIKIPIKI: Alifanya alichofundishwa chuo cha Ilonga miaka hiyo, kabla ya beji. Alitia miguu shambani. Akatembea na yule mama kwa zigizaga, mhindi kwa mhindi, wakahesabu. Akamwambia majivu si upuuzi, wengi wanayatumia, ila awahi viwavi wakiwa wadogo, na mayai akiyaona chini ya jani ayaponde kwa vidole. Majirani wanne wakaja kuchungulia. Mmoja akasema kule kwake mihindi iliyo karibu na mchanga wa mto imeshambuliwa kidogo. Wakabishana mpaka jua likazama.

REDIO: Hicho ni kikundi cha kusikiliza. Kasoro mimi tu.

KISHIKWAMBI: Hilo ni shamba darasa! Liko Moduli ya Kwanza! Lilianza Indonesia mwaka 1989, kwenye mashamba ya mpunga. Wakulima wanakutana shambani msimu mzima, wanahesabu wadudu waharibifu na wadudu rafiki, wanachora wanachokiona, wanaamua wenyewe.

REDIO: Na wewe shamba darasa ulimfundishia wapi?

KISHIKWAMBI: Kwenye kochi. Dakika ishirini, na swali moja: lilianza nchi gani.

REDIO: Na kazi ya leo jioni, umempa alama ngapi?

KISHIKWAMBI: *(kwa sauti ya chini)* Mfumo hauna sehemu ya kuiandika. Umeandika: "Mshiriki hakuingia kwa saa tano. Tunakukumbuka!"

PIKIPIKI: Na mstari?

KISHIKWAMBI: Umerudi njano.

REDIO: Lakini wewe si kifaa kibaya, mjukuu wangu. Nakumbuka siku ile ya mihogo.

KISHIKWAMBI: *(anang'aa kidogo)* Siku ile! Nina programu ya Nuru humu ndani. Inasema Kiswahili, haihitaji intaneti. Bibi Shamba alinielekeza kwenye jani la muhogo, nikawaambia wanawake wa kikundi hii ni batobato, ile ni michirizi ya kahawia. Bibi mmoja akanibishia. Akang'oa muhogo, akaukata, tukaangalia ndani wote. Walinishika kwa mikono ya udongo na sikujali. Hata hiyo haikuhesabiwa. Sikuwa hewani.

PIKIPIKI: Basi kumbe ulipokuwa na faida ndipo ulipokuwa mtoro.

KIWAVI: Samahani, wakubwa. Hiyo Moduli ya Sita, inayonihusu mimi, ataifikia lini?

KISHIKWAMBI: Umeme ukirudi, bando likipatikana, na "Kujitambua" akiimaliza, tuseme wiki tatu. Halafu kuna mtihani, halafu mafunzo kwa vitendo.

KIWAVI: Vitendo vyenyewe viko wapi?

KISHIKWAMBI: Unaburuta picha ya kiwavi kwa kidole unaipeleka kwenye picha ya mhindi.

KIWAVI: Na cheti?

KISHIKWAMBI: Wiki sita tangu leo. Anakichapisha kwa rangi steshenari, anakitia kwenye fremu.

KIWAVI: Kwa joto hili la Kilosa, ukoo wetu unazunguka kwa siku 30 hivi, tangu yai mpaka nondo anayetaga. Mimi wiki ijayo naingia udongoni, natoka na mabawa, usiku huohuo naondoka. Siku ya cheti sitakuwepo. Ila mwalikeni mwanangu, atakuwa ameshika cheo bonde la chini.

*(Umeme unarudi. Feni inapiga kelele, jokofu linatetemeka, na taa ya chumbani inawaka: Bibi Shamba ameamka. Anakuja sebuleni kwa kanga, anachukua funguo za Pikipiki, anachukua chupa, anatikisa tangi kusikiliza.)*

PIKIPIKI: *(kwa kunong'ona)* Ipo ya kwenda. Ya kurudi tutaiona hukohuko.

KISHIKWAMBI: Mama, bado asilimia 13! Bonyeza hapa ku...

*(Bibi Shamba anamgeuza uso chini mezani na kumwekea jagi la maji juu.)*

KIWAVI: Kaka Pikipiki, taratibu kwenye makorongo. Nina familia.