Shemeji na Kiwanda cha Sebuleni

Mtu akikuambia anatengeneza risasi nyumbani ili aokoe pesa, usibishane naye. Mwombe tu akuonyeshe risiti.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Houston na ni mwindaji wa kulungu mwenye vibali vyote ambavyo jimbo la Texas linavitaka. Bunduki yake inatumia .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, na hiyo 06 ndiyo kumbukumbu yake. Boksi la risasi 20 za kuwindia linapita dola 30 bila kutoka jasho. Hapo ndipo shemeji alipopiga hesabu. Ganda la shaba, alisema, ndilo lenye gharama, na ukishafyatua linabaki zima. Kwa nini ulitupe? Unalijaza tena, maisha yanaendelea.

Hesabu haikuwa na kosa. Ila Texas inamruhusu mtu kulungu watano tu wenye mkia mweupe kwa msimu, na shemeji akijitahidi sana anarudi na wawili. Boksi moja linamtosha kuwinda, la pili analimalizia kwenye makaratasi ya shabaha. Kwa mwendo huo mashine ya kujazia itarudisha pesa yake shemeji akiwa na umri wa Methusela. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mimi mambo ya uwekezaji siyaelewi.

Kisheria hakuna wa kumgusa. Serikali ya shirikisho haidai leseni kwa anayejijazia risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni inaulizwa ukianza kuuza. Mama yake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka Morogoro, jambo hilo halikumwingia akilini hata kidogo.

"Sisi kule tuna Mzinga, shirika la jeshi la kutengeneza risasi," alisema. "Lina geti, lina wanajeshi. Ninyi mnataka Mzinga la karibu na friji?"

Shemeji alimweleza kwa upole kwamba risasi ni vitu vinne tu: ganda, baruti ndani yake, kichwa mbele, na fataki kule kitakoni, kile kikombe kidogo kinachogongwa na pini ya bunduki kikawasha baruti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nyumba ina bima.

Siku ya kwenda dukani nilichukuliwa kama mshauri, maana yake dereva. Duka lina ukuta mzima wa presi, yaani zile mashine zenye mkono wa kuvuta ambazo ndizo moyo wa kazi yote, na kila kampuni ina rangi yake. RCBS ni kijani. Hornady na Lee ni nyekundu. Dillon ni buluu. Mtu asiye na ushabiki angesema rangi ni rangi. Shemeji ni Simba wa kuzaliwa, na kijani ni rangi ya watani wao, Yanga wa Jangwani. Muuzaji, kijana mpole mwenye ndevu, akaanza kumsifia ile ya kijani: chuma kizito cha kusubu, haichoki, utamrithisha mjukuu. Ni kampuni yenye historia tamu pia; Fred Huntington aliianzisha mwaka 1943 huko Oroville, California, nyuma ya duka la dobi la baba yake. Shemeji alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akanigeukia kwa Kiswahili.

"Hii siwezi kuiingiza ndani. Watoto wataona nimehamia Jangwani."

Macho yake yalikuwa kwenye ile ya buluu. Hiyo ni mashine ya mfululizo: maganda yanazunguka kwenye sahani, moja linabanwa, jingine linatiwa baruti, la tatu linavikwa kichwa, na kila ukivuta mkono risasi iliyokamilika inadondoka kwenye kikapu. Mamia kwa saa. Shemeji aliuvuta ule mkono wa maonyesho mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu. Nikampigia simu jirani yao, mzee mstaafu wa kuchomelea mabomba ya mafuta, ambaye amejaza risasi tangu ujana wake. Alianza na kile kisanduku kidogo cha Lee cha kujazia kwa nyundo. Richard Lee alivianza vifaa vya namna hiyo mwaka 1958 kwenye karakana ya nyumbani kwake, na mpaka leo hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kuanzia. Unagonga, unageuza, unagonga tena, na mara mojamoja fataki inalipuka ukiwa unaigongea mahali pake, ukaruka na kiti chako. Mzee anasema kilimfundisha utulivu. Mkewe anasema kilimharibu sikio la kushoto.

"Mwambie achukue ya hatua moja," alisema kwenye simu. "Mkono mmoja, kazi moja. Akianza na hiyo kubwa, badala ya kukosea mara moja atakosea mara 400 kwa saa."

Hapo mzee hakuwa anatania, na mimi namuunga mkono. Ganda likitiwa baruti mara mbili, bunduki inaweza kupasuka usoni pa mwenye nayo. Lisipotiwa kabisa, fataki peke yake inakisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inakuta njia imefungwa. Kwa presi ya hatua moja unayapanga maganda yote kwenye ubao wenye matundu, unainamia na tochi, unaangalia baruti imefika wapi katika kila moja kabla ya kuvika kichwa. Ni kazi ya kuchosha, na mwanagenzi anahitaji uchovu huo.

Basi tukatoka na seti ya mwanzo, ya hatua moja, nyekundu. Shemeji aliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Boksi limeandikwa kwamba ndani yake kuna kila unachohitaji. Tulilifungua sebuleni, familia nzima imezunguka, na baada ya nusu saa ikadhihirika kwamba kwa vilivyomo huwezi kutengeneza hata risasi moja. Dai hazimo. Hizo ndizo kalibu za chuma zinazolirudisha ganda kwenye umbo lake, na kila aina ya risasi ina zake, kwa hiyo zinauzwa mbali. Kishikio cha ganda nacho mbali. Venia ya kupimia urefu hakuna. Kikatio cha maganda yaliyorefuka hakuna. Shemeji akarudi dukani. Akarudi tena. Fataki aliziagiza mtandaoni kwa sababu alikuta punguzo, halafu akakutana na ada ya mzigo wa hatari, ambayo hutozwa hata kama umeagiza kijiboksi kinachoenea kiganjani. Lile punguzo liliishia hapo.

Ikaja habari ya meza. Presi inafungwa kwa bolti kwenye kitu kisichotikisika, na ndani ya nyumba ya dada kitu cha pekee chenye urefu unaofaa kilikuwa kabati la vyombo, mbao za unga wa mbao zilizogandishwa kwa gundi, zile zinazokuja na karatasi ya maelekezo na kijispana kimoja. Dada alikuwa kazini. Mvuto wa kwanza, kabati lilisogea. Wa pili, glasi zikaanza kuimba. Wa tatu, bolti moja iling'oka na kipande cha ubao kikubwa kama sahani ya chai, na mama, aliyekuwa amekaa pembeni anakunywa uji, akasema bila kuinua kichwa, "Hicho kipande kifiche kabla mwenzio hajarudi."

Hakikufichika. Dada alitoa hukumu fupi na siku iliyofuata kiwanda kilihamia chumba cha kufulia, kwenye benchi la mbao nene ambalo jirani alilipigilia ukutani kwa misumari ya bolti. Naamini kama mtu ana dola 100 za mwisho, sehemu kubwa aipeleke kwenye benchi. Presi ya bei yoyote ikifungwa kwenye benchi imara inafanya kazi. Ya dhahabu ikifungwa kwenye kabati la dada yangu ni balaa.

Mizani ndiyo iliyotuletea joto la ziada. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Shemeji, akiwa ameona risiti zinavyojikusanya, alipendekeza watumie mizani ya jikoni ya dada. Jirani alivua kofia yake, akaiangalia ndani kwa muda, akaivaa tena. Mizani ya jikoni inaruka gramu kwa gramu, akasema, na gramu moja ni zaidi ya greni 15. Mama anaweza kutia chumvi kwenye pilau kwa jicho na watu wakashukuru. Baruti haina huruma hiyo. Kila kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha vipimo, kwa baruti ile ile iliyotajwa na kichwa cha uzito ule ule, na unaanza na kiasi cha chini, unapanda taratibu. Kitabu hicho ndicho ningekinunua kabla ya chuma chochote, nikakisoma mpaka hamu ipungue. Wengine ikipungua haitarudi tena, na watakuwa wameokoa pesa nyingi kuliko shemeji.

Ikanunuliwa mizani ya kweli, ya mkono unaoning'inia. Ni kitu kizuri kukitazama: mkono mwembamba wa chuma, kikombe upande mmoja, na ncha inayopanda na kushuka mbele ya alama ya sifuri. Tatizo haikutulia. Ilipanda, ikashuka, ikapanda. Shemeji alibadilisha meza, akaisawazisha kwa vipande vya kadi, akatukataza kupumua. Mama ndiye aliyenyoosha kidole juu, kwenye tundu la kiyoyozi lililokuwa linapuliza moja kwa moja kwenye kikombe. Kwa hiyo kila kipimo cha baruti katika nyumba ile kilifanyika kiyoyozi kikiwa kimezimwa, mwezi wa nane, Houston, wanaume wawili wamevaa miwani ya usalama iliyojaa ukungu, na bibi mmoja anajipepea kwa gazeti akiwa chumba cha pili, kwa amri.

Baruti yenyewe shemeji alikuwa ameihifadhi gereji. Gereji ya Houston wakati wa kiangazi unaweza kukaushia mihogo. Baruti inataka baridi na ukavu, ndani ya kopo lake la asili, mbali na moto na mbali na watoto. Baada ya mazungumzo ambayo sikualikwa, kopo lilipata makazi juu kabisa ya kabati la nguo la chumbani, lenye kufuli, jirani na khanga za dada. Dada anasema hiyo ndiyo ndoa.

Somo la mafuta lilikuwa la siku moja, ila lilikuwa refu. Ganda halipandishwi kwenye dai likiwa kavu. Linapakwa mafuta kidogo kwanza. Shemeji aliona ni mapambo, akasukuma kavu. Likapanda vizuri sana. Likakataa kushuka. Alivuta mkono kwa nguvu za wote waliokuwepo mpaka ukingo wa kitako ukakatika, na ganda likabaki ndani. Jirani alikuja na drili na kisanduku ambacho juu yake pameandikwa kwa kalamu nene jina la shughuli hiyo hiyo, akatoboa kitako, akachonga meno ya skrubu, akakaza bolti, ganda likatoka na mlio wa kizibo. Kwa ile hofu shemeji akayapaka yaliyofuata kama anakaanga maandazi, na mafuta yaliyojikusanya begani mwa ganda, yasipopata pa kwenda, yakayabonyeza. Maganda mazima ya shaba yenye vishimo vya mashavuni. Jirani aliyaangalia moja moja. "Angalau hayajakwama," alisema.

Cha kung'arishia ni pipa dogo linalotetemeka, ndani yake umetia magunzi ya mahindi yaliyosagwa, na maganda yanasuguana humo kwa saa kadhaa mpaka yang'ae. Mama alikuta mfuko wa magunzi umeegemezwa mlangoni. Akaupapasa, akanusa, akachota kidogo akaweka kiganjani kwenye mwanga wa dirisha.

"Mnafuga nini?"

"Hatufugi, mama. Ya kusafishia risasi."

"Mmenunua magunzi," alisema. "Kwa dola."

Usiku ule pipa lilinguruma hadi saa saba na mama akatoka chumbani amejifunga khanga kifuani, akalizima mwenyewe, akarudi kulala. Lakini asubuhi, maganda yalipomiminwa kwenye ungo, alikaa nayo. Huyu mama amechambua mchele maisha yake yote. Alitenga mawili yenye ufa mwembamba shingoni ambao shemeji, mimi na tochi hatukuuona, akayasukuma pembeni kwa kidole cha shahada. Tangu siku hiyo hakuna ganda lililopanda kwenye presi kabla halijapita kwake.

Jumapili moja tukaenda uwanja wa shabaha, sote, mama na jirani wakiwa wamekaa mbele. Risasi za kwanza zilikuwa chache, zimefungwa kwenye kitambaa. Shemeji alifyatua ya kwanza uso ukiwa umekunjamana. Karatasi ikatoboka. Ya pili, ya tatu, zote kwenye karatasi, zimekaa kwa upole si mbali na katikati, na jirani akasema neno moja tu la kusifu, ambalo kwake ni hotuba.

Halafu shemeji akainama kuokota maganda yake. Mama naye akainama kumsaidia. Mwenye uwanja alisema yaliyoachwa na wengine nayo wachukue wakipenda, kwa hiyo wakapenda. Walipita mstari mzima, mama anashika pindo la khanga kama mfuko, na tukarudi nyumbani na maganda mara kumi ya tuliyokwenda nayo. Jioni mama aliyachambua kwenye ungo kwa ukubwa. Yaliyoingia kwenye bunduki ya shemeji hayakufika robo. Mengi yalikuwa ya .308, mazuri, hayana ufa hata moja.

Shemeji aliyaangalia kwa muda mrefu, kisha akatoa simu akaanza kutafuta bei ya bunduki ya .308.