Barua ya Wazi kwa Bunge la Arkansas

Kwa: Bunge la Jimbo la Arkansas, Little Rock, Marekani

YAH: PONGEZI KWA NAMBA 350

Namba 350 ina utumishi mrefu katika elimu ya Arkansas. Iliajiriwa mwaka 1948, wapiga kura walipopitisha sheria ya kuvunja kila wilaya ya shule yenye watoto pungufu ya idadi hiyo. Wilaya zaidi ya 1,500 zikabaki mia nne na ushei. Mwaka 2004 Bunge Tukufu liliirudisha kazini bila usaili. Wilaya yoyote ambayo wastani wa wanafunzi wake haukufika 350 kwa miaka miwili mfululizo ililazimika kuunganishwa na nyingine. Bunge linastahili pongezi kwa kupata kipimo cha elimu kisichomlazimu mtu kuingia darasani.

Ubora wa kipimo hicho ulidhihirika Lake View, kijiji cha Kaunti ya Phillips katika bonde la Mto Mississippi, ambako serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliwapatia wakulima Weusi mashamba katika miaka ya 1930. Mwaka 1992 wilaya ya shule ya Lake View iliishtaki serikali ya jimbo, ikidai kwamba fedha za elimu hazigawanywi kwa haki. Novemba 2002 Mahakama ya Juu ya Arkansas ilikubali kwamba mfumo wa elimu ulikuwa ukivunja katiba ya jimbo. Bunge likatii: kodi ya mauzo ikapandishwa, shule zikaongezewa fedha, na tarehe 1 Julai 2004 wilaya ya Lake View ikaunganishwa na ile ya Barton-Lexa. Haki ilitendeka, ila aliyeidai hakuwepo tena kuipokea.

Bunge lisionekane katili. Gavana Mike Huckabee alitaka kikomo cha chini kiwe wanafunzi 1,500, na sheria ilipomfikia aliiacha ianze kutumika bila saini yake, kwa kuona imelegea mno. Kwa hiyo 350 ilikuwa huruma.

Kuhusu kwa nini watoto walipungua, Bunge lilikuwa na busara ya kutouliza. Mashine za kuvuna pamba ziliwaondoa vibarua mashambani, mashamba madogo yakamezwa na makubwa, na vijana wakafuata kazi Memphis, St. Louis na Chicago. Kaunti ya Phillips, iliyokuwa na watu zaidi ya 46,000 mwaka 1950, ilibaki na wasiofika 17,000 mwaka 2020. Kwa kuwa watu walihama kwa kukosa ajira, tiba iliyochaguliwa iliviweka vijiji katika hatari ya kumpoteza hata mwajiri aliyebaki, yaani shule, pamoja na walimu, wapishi na madereva wake.

Hoja ya gharama ina ukweli wake. Mgawo wa fedha humfuata mtoto, lakini paa, jiko na basi havipungui kwa sababu watoto watano wamehama. Mkurugenzi mmoja badala ya wawili ni akiba, na shule ndogo hupata shida kumlipa mwalimu wa kemia mwenye wanafunzi sita. Upande wa pili wa daftari kuna mafuta, matairi na mishahara ya madereva. Saa anazokaa mtoto ndani ya basi hazimo kwenye hesabu, kwa kuwa hakuna anayemlipa.

Usanifu wa sheria nao unastahili sifa. Iliunganisha utawala, na uamuzi wa kufunga majengo ukabaki kwa bodi za wilaya mpya, ambamo kijiji kilichomezwa huwa na kura chache. Kwa njia hiyo shule ya kijiji hufungwa na majirani, na Bunge halilaumiwi.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria Namba 377, inayoiruhusu Bodi ya Elimu ya Jimbo kuisamehe wilaya ndogo ambayo haina mgogoro wa kitaaluma, wa fedha wala wa majengo. Ina maana kwamba tangu mwanzo palikuwa na maswali matatu ya kuuliza: watoto wanajifunza? Hesabu za fedha zinakaa sawa? Majengo yanafaa? Wilaya 57 zilizounganishwa mwaka 2004 ziliulizwa moja tu: mko wangapi?

Nakala: Bodi ya Elimu ya Jimbo la Arkansas