Kandili kwa Bei ya Jenereta

Hoteli ya kizamani ni mahali ambapo mtu hulipa zaidi ili apewe kidogo. Pita Shangani au Hurumzi mjini Zanzibar, kisha nenda shamba mpaka Paje na Nungwi, orodha utaikuta ni ile ile: kitanda cha samadari kinachopandwa kwa kigoda, sanduku la njumu, kandili, mtungi na kata yake, paa la makuti, na ngalawa iliyostaafu uvuvi ikatiwa miguu iwe kaunta ya vinywaji. Vyote hivyo siku hizi huitwa huduma. Bibi zetu walioteka maji kisimani kabla ya alfajiri walikuwa na jina jingine, waliita taabu. Ninachodai ni kwamba hoteli hizi haziuzi zamani hata chembe. Zinauza balaa ya zamani iliyong'olewa meno, na fundi aliyeing'oa amefichwa nyuma ya jiko.

Chukua kandili. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima iligeuka hoteli ya kizamani, bila kuomba na bila malipo. Umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kwa miezi mitatu kila nyumba, kuanzia Malindi hadi Makunduchi, ilipata kile ambacho wageni husafiri nusu ya dunia kukifuata: mshumaa mezani, nyota tele, maji ya ndoo kwa sababu pampu zilikuwa zimelala. Friji likawa kabati la sahani. Samaki naye, ambaye kwa tabia hajui kusubiri, hakusubiri. Sijasikia aliyesifu utulivu wa mandhari. Mwanga ni ule ule, basi tofauti ni nini? Ni kwamba kandili ya hotelini haijatumwa kazi. Hakuna mtoto anayefanyia hesabu chini yake, wala mama anayechambulia mchele akihofia kijiwe. Inawaka tu, ikijua kwamba ikizimika kuna swichi ukutani.

Hao wazee tunaowaiga nao walikuwa na maoni yao. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ni mtu ambaye enzi zake zimepambiwa vyumba vingi, na hakuwa na mapenzi na mtungi hata kidogo: alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Mwaka 1879, akiwa madarakani, waya wa simu za maandishi ulifika kutoka Aden. Kasri yake ya 1883 iliitwa Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, na baadaye ikawa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Jina halikutokana na ukongwe. Hata Zanzibar Serena pale Shangani, anakolala mgeni mwenye hamu ya mambo ya kale, sehemu yake ilikuwa ofisi ya simu, yaani mahali pa kisasa kuliko pote kisiwani kwa wakati wake. Barghash angeingia mapokezi leo, swali lake la kwanza lingekuwa intaneti ina kasi gani. Na vile vyumba vyembamba kama ushoroba, ambavyo vijitabu vya matangazo huvisifu kwa haiba, wembamba wake ni wa boriti: mikoko haitoi mti mrefu wa kutosha kuezekea ukumbi mpana.

Nitaambiwa kwamba hoteli zimeokoa nyumba. Kweli, na hapa sina mzaha. Beit al-Ajaib yenyewe, isiyokuwa hoteli, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba yenye wageni hupigwa chokaa, na boriti iliyooza hubadilishwa kabla haijaamua yenyewe. Ila hapo kilichookolewa ni kuta. Kutunza kuta ni jambo moja, kutukuza ndoo ni jingine. Wengine watasema mgeni si mjinga, anajua ni mchezo. Ningekubali, lau si bahari. Kitu cha kale kweli kweli katika hoteli yoyote ya Paje ni maji, ambayo hupwa na kujaa vile vile tangu kabla ya masultani, na ndicho hicho kinachopelekewa malalamiko mapokezi: mgeni ameamka, bahari imeondoka hadi mwambani, na mahali pake wamebaki kina mama wanaohudumia mwani wao. Tena, kama ni zamani inayouzwa, mbona haiuzwi ya miaka ya 1970? Tulikuwa na televisheni ya rangi miaka ishirini hivi kabla ya bara, tukaitazama tukitoka kwenye foleni ya unga. Na Hoteli ya Bwawani ilijengwa miaka hiyo hiyo pale Funguni, kwa zege. Hakuna anayeipambia chumba zamani hiyo, maana waliopanga foleni bado wapo na wataulizia unga.

Wenye hoteli, kandili ziacheni, zinapendeza. Ila kwenye orodha ya huduma, baada ya samadari na mtungi, andikeni na jenereta. Ndilo linalofanya kazi.