Mwongozo kwa Mtu Anayefugwa na Sungura

Hongera kwa kupata sungura. Huenda umemtoa sokoni alikokuwa anasubiri sufuria, huenda umepewa na jirani aliyeelemewa na vizazi vya sungura wake. Watoto wamempa jina, wamembeba zamu kwa zamu, na kufikia magharibi ameshakojoa nyuma ya kochi, kwenye zulia na juu ya mkeka wa mgeni. Ulipoinama kufuta, akakung'ata kifundo cha mguu. Usimkasirikie. Kati yenu wawili, mwenye utaratibu wa choo aliourithi kwa mababu ni yeye, na aliyechelewa darasani ni wewe.

Jambo la kwanza, msahau yule sungura wa hadithi za bibi. Anayemhadaa fisi katika mbuga zetu ni jamaa wa mbali, mnyama wa peke yake anayelala juu ya ardhi kwenye nyasi. Huyu wa kwako, awe New Zealand mweupe mwenye macho mekundu au chotara wa madoadoa, asili yake ni Hispania na Ureno. Wazee wake waliishi kwa makundi katika mashimo yaliyounganika chini ya ardhi, na walitenga mahali maalumu pa kuweka kinyesi ili kila mpita njia anuse na kujua eneo lina wenyewe. Kwa hiyo kile ulichofuta nyuma ya kochi kilikuwa hati ya kiwanja. Ameletwa ugenini, hajui mipaka, akaanza kuiweka.

Mpe basi kiwanja kidogo. Ukimwachia nyumba nzima siku ya kwanza, ataipima yote kwa mkojo. Mzungushie waya kona moja ya sebule, au mpe chumba kimoja, weka beseni la choo kwenye pembe unayoipenda wewe, kisha tazama anaipenda ipi yeye. Akichagua pembe nyingine, hamisha beseni. Akiichagua tena nyingine, hamisha tena. Wako watu wanaobishana na sungura juu ya pembe kwa wiki nzima, na sijasikia hata mmoja aliyeshinda. Kama pembe anayoitaka ina meza ya televisheni, sogeza meza.

Jifunze kumsoma. Sungura anayetaka kukojoa hurudi nyuma kinyumenyume mpaka makalio yaguse ukuta, anatulia ghafla, masikio yanalala kidogo, na mkia unainuka. Una sekunde mbili hivi. Mwelekeze polepole kwenye beseni kwa mkono ulio chini, bila kelele. Na kwa kuwa mkia huinuka, mkojo hutoka ukielekea nyuma na juu: beseni liwe na ukuta mrefu nyuma, mlango mfupi mbele, na upana wa kumtosha kujinyoosha na kugeuka. Trei za kuokea keki hazifai. Beseni la kufulia lililokatwa upande mmoja na kulainishwa ukingo linafaa sana.

Ndani yake tandika magazeti, juu yake nyasi kavu. Maranda ya msonobari na mierezi yaepuke, maana harufu ile inayotupendeza sisi inamwasha mapafu na kulisumbua ini lake. Mchanga wa paka unaogandamana ukilowa ndio mbaya kabisa: akiumeza, unagandamana tumboni, na sungura hana uwezo wa kutapika.

Siri ya mafunzo yote iko kwenye nyasi. Utumbo wa sungura unapaswa kusukuma chakula saa zote, na mnyama huyu hupenda kula huku akijisaidia, kitu ambacho kwa mwanadamu kingeleta kikao cha ukoo. Weka rundo kubwa la nyasi upande mmoja wa beseni, au litundike juu yake, na atakaa humo kwa hiari yake akitafuna na kudondosha. Kenya utapata nyasi za Boma Rhodes kwa marobota. Kwingine kata majani mwenyewe, mbali na barabara kuu na shamba lililopigwa dawa, uyaanike yakauke bila kuota ukungu. Nyasi ndizo ziwe sehemu kubwa ya mlo wake. Mchicha na matembele ni mboga ya pembeni, peleti ni kidogo, na karoti, licha ya sifa zake zote kwenye vitabu vya watoto, ni peremende.

Akikosea, futa mkojo kwa karatasi na uiweke karatasi hiyo ndani ya beseni pamoja na punje chache za kinyesi. Pale alipokosea paoshe kwa siki nyeupe na maji hadi harufu iishe. Beseni lenyewe usilisugue likang'aa kila siku, kwa sababu choo kisicho na harufu yake si chake. Kumsugua pua kwenye mkojo, kumchapa kofi au kumpigia kelele kunamfundisha jambo moja tu, kwamba wewe ni wa kukimbiwa.

Punje kavu mbili tatu zitaendelea kuonekana mpakani mwa eneo lake. Ziokote, maisha yaendelee. Kuna pia kinyesi cha aina ya pili, laini, cheusi, kimeshikana kama kichala cha zabibu, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini, mara nyingi usiku au alfajiri. Mwache akile. Ndicho kinachompa vitamini na protini zilizotengenezwa na vijidudu vya tumboni mwake. Ukikikuta kimeachwa sakafuni mara kwa mara, jua umezidisha peleti na matunda.

Sasa lile jambo ambalo wengi hulikwepa: kuhasi. Dume akibalehe, kuanzia miezi minne hivi, hunyunyiza mkojo kutani na miguuni pako, na hakuna beseni litakaloshindana na homoni. Jike naye hulinda eneo lake kwa meno, na asipotolewa kizazi, hatari ya saratani ya mji wa mimba huongezeka sana kadiri umri unavyosonga. Tafuta daktari wa mifugo aliyewahi kuwapasua sungura, umuulize waziwazi, kwa sababu dawa ya usingizi ya sungura ina mahesabu yake. Na kama umewachukua wawili, na muuzaji sokoni amekuapia kwamba ni dada, daktari awakague wiki hiyohiyo. Mimba ni mwezi mmoja, na jike anaweza kupandwa tena siku aliyozaa.

Tuje kwenye meno. Macho ya sungura yako ubavuni mwa kichwa. Anaona nyuma, pembeni na juu angani, lakini hana anachoona mbele kabisa ya pua yake. Mkono wako ukishuka kutoka juu, kwake ni mwewe. Ukiuleta puani, anashtuliwa na kitu kilichotokea pasipojulikana, chenye harufu ya ndizi uliyomenya. Angefanya nini? Nawa mikono, kaa sakafuni, mwache aje, kisha mguse paji la uso kwa kutokea ubavuni. Sufuria yake ya chakula itoe akiwa amekwenda matembezini. Kuingiza mkono chumbani mwa mtu bila hodi ni utovu wa adabu hata kwa majirani.

Kila ng'ato ina maneno yake. Kubana kidogo mguuni na kuachia maana yake "sogea". Vijino vyepesi vinavyokwenda sambamba na kulambwa ni kuchanwa manyoya, na hiyo ni heshima kubwa. Akikuzunguka miguuni huku akiguna, anakuposa, na dawa yake imeshatajwa. Akirudisha masikio nyuma na kurusha miguu ya mbele, mpe nafasi, amekwisha kukuonya. Inapouma, toa kilio kifupi chembamba, "aii!", jinsi sungura mwenzake angelia, kisha kaa kimya. Wengi huelewa na kulegeza meno. Usimkomeshe kutafuna, kwa maana meno yake hayaachi kukua maisha yote. Mpe nyasi na vitawi vya mpera, na nyaya za umeme zifiche.

Watoto ndio watakaong'atwa zaidi, na mara nyingi chanzo ni kubebwa. Mgongo wa sungura ni dhaifu kuliko nguvu ya miguu yake. Akipiga teke hewani anaweza kujivunja uti. Masikio hayashikwi kabisa. Watoto wacheze naye chini, na mwenye kulazimika kumbeba amshike kifua kwa mkono mmoja na makalio kwa mwingine.

Bibi akija kutoka kijijini atauliza, "Mjukuu wangu, huyu mnamchinja lini?" Mjibu kwa upole: "Hapana, Bibi, huyu ni mwenzetu wa ndani." Kisha mpe mfuko wa punje akatie kwenye bustani ya mboga. Wakulima wengi Kenya hukinga hata mkojo wa sungura, wakauchanganya na maji na kuunyunyizia mimea. Bibi hatauliza tena.

Mkiishi pwani, joto ni adui mkubwa kuliko meno. Chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kwa kitambaa, imfae adhuhuri pale sakafuni kwenye kivuli.

Na sungura aliyezoea beseni akianza ghafla kulowanisha kila mahali, akichuchumaa muda mrefu bila kitu kutoka, usirudi kwenye somo la kwanza. Huenda ana mawe au chokaa kwenye kibofu. Akiacha kula na kutoa kinyesi kwa nusu siku, hilo halingoji kesho, kwani utumbo ukisimama unaua. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, na umchukulie punje zake za mwisho kwenye karatasi, daktari atataka kuziona.